Chai ya Mamaki: Mila Hushuhudia Nini?

Kwa mtangazaji: Mazungumzo haya yana sehemu mbili. Kila sehemu yaweza kusomwa peke yake kwa muda wa dakika kumi hivi. Ukiisoma sehemu ya pili siku nyingine, anza kwa kuwakumbusha wasikilizaji yaliyosemwa katika ya kwanza. Neno "mamaki" hutamkwa kwa kuvuta sauti ya kwanza: maamaki.

SEHEMU YA KWANZA: MMEA NA WENYEWE

(Muziki wa kipindi, kisha sauti ipungue.)

Kama hapo nyumbani kuna mtu anayetumia dawa za presha au za kisukari, mwite asogee karibu na redio, maana mazungumzo ya leo yanamhusu.

Leo tunazungumza juu ya chai ya majani inayotoka mbali, katika visiwa vya Hawaii kwenye bahari ya Pasifiki. Jina la Hawaii si geni kwetu Kenya. Barack Obama Mkubwa, mwana wa Nyanza, alikwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959, na mwanawe aliyekuja kuwa rais wa Marekani akazaliwa huko Honolulu mwaka 1961. Lakini siasa leo tunaiweka kando. Tunataka kujua jambo moja tu: dawa ya wazee inapotiwa ndani ya pakiti na kuuzwa dukani, ni nani anayeamua iitwe nini, iandikwe nini, na imwahidi mnunuzi nini?

Utauliza, hayo yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Siku hizi dawa za miti shamba hazitoki tu kwa mzee wa kijijini anayekujua wewe na babu yako. Zinakuja zimefungwa vizuri, zina picha za majani mabichi na maandishi ya kuvutia. Zinauzwa sokoni, ndani ya basi, na hata kwa simu. Watu wa Hawaii wamekuwa na mvutano kama huo juu ya mimea yao kwa miaka mingi, na tunaweza kujifunza kwao.

Mmea wenyewe

Mamaki ni kichaka au mti mdogo unaomea katika misitu yenye unyevu. Kiasili haupatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa Hawaii. Jina lake la kisayansi ni Pipturus albidus. Majani yake ni mapana, upande wa chini yamepauka, na mishipa yake huwa ya kijani au myekundu. Huzaa matunda madogo meupe.

Ndugu yangu wa Mlima Kenya, mmea huu ni jamaa ya thabai unayoijua, ile inayowasha mkono ukiigusa lakini ikichemshwa huwa mboga nzuri ya kuponda na mukimo. Mamaki ni wa ukoo huohuo, ila wenyewe hauwashi. Wanasayansi wanaeleza kwamba katika visiwa vile hapakuwa na mamalia wakubwa wa kula majani, kwa hiyo mmea haukuhitaji miiba ya kujikinga.

Tusichanganye pia na chai yetu ya Kericho na Nandi. Ile hutoka kwa mmea mwingine kabisa, na ina kafeini, kile kitu kinachokufanya ukeshe ukinywa chai nzito usiku. Mamaki haina kafeini. Majani yake huchumwa, hukaushwa, kisha hutiwa maji moto na kuachwa kwa dakika kadhaa. Ladha yake ni ya upole. Ndiyo maana wengi huko huinywa jioni kabla ya kulala.

Wazee waliitumiaje?

Wenyeji wa asili wa Hawaii waliutumia mmea huu kwa mambo mengi. Maganda yake yalipondwa kutengeneza kitambaa. Matunda yake yaliliwa, na mtu aliyefunga choo alipewa ili alegee tumbo. Majani yalitumiwa kwa kinywaji cha kuuburudisha mwili uliochoka.

Tiba yao ya mimea inaitwa la'au lapa'au. Mganga wake hakuwa mtu wa kuokota majani na kuyauza tu. Alifundishwa kwa miaka mingi. Alijua mmea upi uchumwe wapi na saa ngapi, na kabla ya kuchuma aliomba. Hakumaliza majani ya mti mmoja. Akimtibu mgonjwa aliangalia pia chakula chake, na ugomvi wake na jamaa zake, akataka wapatane kwanza. Kwa maneno mengine, jani lilikuwa sehemu moja tu ya matibabu. Tukumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Elimu iliyokaribia kupotea

Mwaka 1778 meli za Kapteni Cook wa Uingereza zilifika Hawaii. Nyuma yake walikuja wageni wengi, na pamoja nao magonjwa ambayo wenyeji hawakuwahi kuyaona, kama ndui na surua. Watu walikufa kwa wingi mno. Sensa ya mwaka 1890 iliwahesabu wenyeji kama 40,000 tu, pamoja na wale wenye damu mchanganyiko. Hebu fikiria, kila mzee aliyekufa aliondoka na elimu yake ya mimea.

Hata hivyo, utawala wao haukukaa kimya. Mwaka 1868, Hawaii ikiwa bado ufalme wenye mfalme wake, ilipitishwa sheria ya kuanzisha bodi ya kuwapa leseni waganga wa asili. Kwa hiyo wazo la kuisimamia tiba ya asili kwa sheria si jambo lililoletwa juzi. Wenyewe walikwisha kuliona zaidi ya miaka 150 iliyopita: walitaka mganga wa kweli aheshimiwe, na tapeli ajulikane.

Baadaye ufalme uliangushwa mwaka 1893, visiwa vikachukuliwa na Marekani mwaka 1898, na mwaka 1959 vikawa jimbo la 50. Waganga wa asili wakakaa pembeni kwa muda mrefu. Mwaka 1998 ndipo bunge la jimbo lilipopitisha sheria iliyofungua njia tena. Chini ya sheria hiyo, mganga wa asili anatambuliwa na baraza la wazee, na mabaraza hayo huitishwa na shirika la afya la wenyeji liitwalo Papa Ola Lokahi. Yaani serikali ilikubali kwamba anayeweza kumpima mganga wa asili ni wazee wenye elimu hiyo, si karani wa ofisini.

Kutoka msituni hadi shambani

Sasa tuje kwenye biashara. Kwa zaidi ya miaka 100 uchumi wa Hawaii ulitegemea miwa. Kiwanda cha mwisho cha sukari katika Kisiwa Kikubwa kilifungwa mwaka 1996, na cha mwisho katika Hawaii yote, kule Maui, kilifungwa mwaka 2016. Ardhi ikabaki, watu wakatafuta la kupanda. Baadhi ya wakulima, kwa mfano katika sehemu za Ka'u, walianza kupanda mamaki na kukausha majani kwa ajili ya kuuza. Chuo Kikuu cha Hawaii kimewaandikia wakulima maelekezo ya kuupanda mmea huu.

Hili ni jambo jema kwa njia mbili. Kwanza, mkulima anapata riziki kutokana na mmea wa nyumbani kwake. Pili, majani yakitoka shambani, msitu unapumua. Kuna kipepeo mzuri wa Hawaii, aitwaye kwa jina la mfalme Kamehameha, ambaye viwavi wake hula hasa majani ya mamaki. Mwaka 2009 alifanywa kuwa mdudu wa taifa wa jimbo hilo. Mamaki ikimalizwa msituni, naye atapata shida. Tena mwaka 2018 aligunduliwa nondo mgeni kule Maui, ambaye viwavi wake hutafuna majani ya mamaki vibaya. Kuchuma katika misitu ya serikali kunahitaji kibali. Lakini katiba ya jimbo, tangu mwaka 1978, inalinda haki za mila za wenyeji, ikiwemo desturi ya kuchuma mimea kwa matumizi ya nyumbani.

Na hapo ndipo mvutano unapoanza. Mmea ukiwa na soko, kila mtu huutaka. Mwenyeji anasema, huu ni mmea wa bibi yangu. Mkulima anasema, hii ni mali ya shamba langu. Mfanyabiashara anasema, hili ni jina zuri la kubandika kwenye pakiti. Na mgonjwa anauliza, je, itaniponya? Katika sehemu ya pili tutaona sheria inamjibu nini kila mmoja.

(Muziki.)

SEHEMU YA PILI: PAKITI NA SHERIA

(Muziki wa kipindi, kisha sauti ipungue.)

Msikilizaji, karibu tena. Tulikuwa tukizungumza juu ya mamaki, chai ya asili ya Hawaii. Tumeona mmea wenyewe, tumeona wazee walivyoutumia, na tumeona jinsi ulivyoingia sokoni. Sasa tuishike ile pakiti mkononi tuisome.

Swali la kwanza: ni kitu gani, na kimetoka wapi?

Mnunuzi ana haki ya kujua anakunywa nini. Wenyeji wa Hawaii wana fundisho chungu kutokana na kahawa yao maarufu ya Kona. Kwa miaka mingi sheria ya jimbo iliruhusu pakiti ya kahawa ya mchanganyiko kubeba jina la Kona hata kama ndani yake kahawa ya Kona ilikuwa asilimia 10 tu. Asilimia 90 yaweza kuwa imetoka kokote. Wakulima walilalamika sana. Sheria iliyotiwa saini mwaka 2024 inakipandisha kiwango hicho hadi asilimia 51, kuanzia Julai 2027.

Wanaouza chai ya mamaki wanakumbuka hayo. Majani yakishakaushwa na kusagwa, ni nani atakayetambua kwa macho kama ni mamaki tupu au yamechanganywa na majani mengine? Mamaki ina ndugu zake katika visiwa vingine vya Pasifiki. Kwa hiyo kutaja mmea kwa jina lake kamili, na mahali ulipolimwa, si mapambo ya pakiti. Ni kumlinda mkulima mkweli na ni kumlinda mnywaji.

Kuna pia jambo la usafi. Katika Hawaii, hasa Kisiwa Kikubwa, konokono huweza kubeba vijidudu vya mnyoo unaoishi katika mapafu ya panya. Mnyoo huo ukiingia kwa binadamu waweza kufika kwenye ubongo na kuleta ugonjwa mbaya. Idara ya Afya ya jimbo huwahimiza watu kukagua na kuosha vizuri majani na mboga. Basi majani ya chai nayo yanahitaji kukaguliwa, kuoshwa na kukaushwa mahali safi. Kitu kuwa cha asili hakumaanishi kuwa ni safi.

Swali la pili: pakiti inaahidi nini?

Hapa, msikilizaji, ndipo penye uzito wote. Sheria ya Marekani haiangalii mmea peke yake. Inaangalia pia maneno ya muuzaji. Nitakupa mfano. Chukua pakiti tatu zenye majani yaleyale, kutoka mti uleule.

Pakiti ya kwanza imeandikwa: "Chai ya majani ya mamaki." Basi. Hicho ni kinywaji, na husimamiwa kama chakula. Lazima kiwe safi, na maandishi yawe ya kweli.

Pakiti ya pili inauzwa kama kirutubisho cha kuongezea chakula, na imeandikwa kwamba inausaidia mwili kwa njia fulani. Sheria ya mwaka 1994 inaruhusu maneno ya namna hiyo, lakini kwa masharti. Muuzaji lazima aiarifu Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, na lazima aandike kwenye pakiti kwamba maneno hayo hayajapimwa na Mamlaka, na kwamba bidhaa hiyo haikukusudiwa kugundua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote.

Pakiti ya tatu imeandikwa: "Inaponya kisukari. Inashusha presha." Hapo majani yaleyale yamegeuka kuwa dawa mbele ya sheria. Na dawa haiuzwi Marekani mpaka ithibitishwe kwa majaribio juu ya watu kwamba ni salama na kwamba inafanya kazi inayodaiwa. Muuzaji asiye na ushahidi huo anaweza kuandikiwa barua ya onyo, na bidhaa yake ikakamatwa.

Umeona? Mti ni mmoja, majani ni yaleyale. Kilichobadilika ni ahadi.

Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana wengi hudanganyika. Mtu akikuambia, "Hii ni ya Marekani, imepimwa na serikali yao," usikubali upesi. Virutubisho vya miti shamba huko havihitaji kuidhinishwa na serikali kabla ya kuuzwa. Mwenye bidhaa ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha ni salama, na serikali huingilia zaidi baada ya bidhaa kufika sokoni. Kwa hiyo kuuzwa Marekani si cheti cha kuponya.

Sayansi inasema nini juu ya mamaki?

Majani ya mamaki yamechunguzwa katika maabara. Yamepatikana kuwa na vitu ambavyo vimo pia katika chai ya kawaida na matunda kadhaa, kama katekini na rutini, vyenye uwezo wa kuzuia uharibifu fulani wa chembe za mwili. Hiyo ni habari njema. Lakini kitu kufanya kazi ndani ya chupa ya maabara ni hatua ya kwanza tu. Kati ya chupa hiyo na mwili wa mgonjwa kuna safari ndefu: lazima kitu kipite tumboni, kiingie katika damu, kiwe cha kutosha, kisidhuru ini wala figo, kisigombane na dawa nyingine. Safari hiyo hupimwa kwa wagonjwa wengi, kwa muda mrefu. Kuwa na katekini hakutoshi kumwambia mgonjwa wa kisukari aache tembe zake.

Fundisho la awa

Hawaii wana kinywaji kingine cha asili, nacho kimetoa fundisho kubwa. Kinaitwa awa. Watu wa Fiji, Tonga na Vanuatu wanakijua pia, na wengi duniani wanakiita kava. Hiki si cha majani, ni cha mizizi. Mizizi hupondwa, hukamuliwa kwa maji, na hunywewa katika sherehe na mikutano ya wazee. Humtuliza mtu.

Ilipofika miaka ya 1990, viwanda vya Ulaya vilikuwa vikitoa nguvu ya mizizi hiyo kwa spiriti na kemikali nyingine badala ya maji, na kuifanya vidonge vya kuondoa wasiwasi. Kisha zikaja taarifa za watu walioharibika ini. Machi 2002 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ikatoa onyo, na Juni mwaka huohuo Ujerumani ikaondoa vibali vya dawa hizo. Wakulima wa visiwani wakapoteza soko, wakalia wakisema, mbona sisi tumekunywa kwa vizazi vingi? Mwaka 2014 mahakama ya Ujerumani iliamua kwamba marufuku ile haikuwa halali. Nayo Januari 2024 Idara ya Afya ya Hawaii ilitamka kwamba awa iliyotengenezwa kwa desturi, yaani mizizi kwa maji au kwa maji ya madafu, inatambuliwa kuwa salama kama chakula katika jimbo hilo. Lakini tazama mpaka waliouweka. Uamuzi huo ni wa kinywaji cha desturi. Haukuhusu vidonge wala nguvu iliyokamuliwa kwa kemikali. Wala haukuwa ruhusa ya kila mtu kunywa anavyotaka: mwenye ugonjwa wa ini, mama mjamzito, na mtu anayekunywa pombe wanashauriwa wajiepushe. Serikali kuu ya Marekani, kwa upande wake, ilikwisha kuandika mwaka 2020 kwamba haiitambui kava kuwa salama kutiwa katika vyakula vya kawaida.

Fundisho ni hili, na ningependa ulishike: mila ni shahidi, lakini shahidi hushuhudia yale aliyoyaona tu. Mila ya Hawaii inaweza kushuhudia kwamba watu walikunywa mizizi ya awa kwa maji, vizazi kwa vizazi. Haiwezi kushuhudia juu ya kidonge kilichotengenezwa kiwandani, maana wazee hawakukijua.

Sasa turudi kwa mamaki. Mila inashuhudia kwamba watu walitumia majani yake na kula matunda yake. Inashuhudia kwamba mtu aliyechoka aliburudika. Lakini wazee hawakuwa na mashine ya kupima presha. Hawakuwa na kipimo cha sukari katika damu. Wala hawakuwa na mgonjwa anayemeza tembe tatu kila asubuhi, akaongeza chai juu yake. Anayekuambia, "Wazee walitibu kisukari kwa chai hii," anamwekea shahidi maneno mdomoni.

Hatari iko wapi?

Mtu mwenye presha mara nyingi hasikii maumivu. Ndiyo sababu ugonjwa huu ni mwizi wa usiku. Akiacha tembe leo, kesho ataamka mzima, na kesho kutwa vilevile. Atasema, "Chai imeniponya." Kumbe presha inapanda polepole, inaharibu figo, macho na moyo, mpaka siku moja anaanguka kwa kiharusi, upande mmoja umekufa ganzi. Mwenye kisukari naye akiacha dawa, sukari hupanda na kidonda kidogo cha mguu hugeuka kuwa cha kukatwa mguu. Wenyeji wa asili wa Hawaii wanayajua haya kwa uchungu, kwani kisukari na magonjwa ya moyo vinawapata zaidi kuliko jirani zao wengi. Ndiyo maana ahadi ya uongo kwenye pakiti si kosa dogo. Inamnyang'anya mgonjwa muda wake.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Je, chai ya majani haina faida basi? La hasha. Mtu aliyezoea soda mbili kwa siku, akibadilisha akanywa chai ya majani isiyo na sukari, amejifanyia jambo jema. Lakini akiitia vijiko vitatu vya sukari, faida hiyo imeondoka.

Na sisi hapa nyumbani?

Kenya nayo ina sheria. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeitambua tiba ya asili. Bodi ya Famasia na Sumu ndiyo inayosajili bidhaa za miti shamba zinazouzwa kama dawa, na Shirika la Viwango huangalia ubora wa vyakula na vinywaji. Lakini ofisi hizo haziwezi kusimama katika kila kituo cha basi. Mlinzi wa kwanza ni wewe. Ukishika pakiti yoyote ya majani, iwe ya Hawaii, ya China au ya kwetu, uliza maswali matano.

Kwanza: jina la mmea limeandikwa wazi, au ni "mchanganyiko wa siri"?
Pili: imetoka wapi, nani ameitengeneza, na mwisho wa matumizi ni lini?
Tatu: inaahidi kuponya? Ikiahidi kuponya magonjwa mengi kwa pamoja, iache.
Nne: imesajiliwa? Uliza namba ya usajili, na mwenye duka la dawa aliyesomea kazi yake atakusaidia kuihakikisha.
Tano: mimi ninatumia dawa gani nyingine? Kama unatumia dawa za presha, za kisukari, au za kuzuia damu kuganda, au u mjamzito, au unanyonyesha, usianze mpaka umwulize mhudumu wa afya.

Tena usimfiche daktari. Beba pakiti yenyewe uende nayo kliniki, uiweke mezani. Mhudumu naye asimkaripie mgonjwa. Mgonjwa akigombezwa mara moja, mara ya pili hatasema, na dawa zikigombana mwilini hakuna atakayejua sababu.

Kwa wenzetu waganga wa miti shamba na wauzaji, nawaambia hivi. Usimamizi si adui yenu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Atakayeandika jina la kweli la mmea, akausha mahali safi, na kuahidi kile anachoweza kukionyesha tu, huyo atabaki na wateja hata watoto wake watakapochukua kazi. Yule anayeahidi kuponya kila kitu anaharibu jina la wote.

Msikilizaji, hapo ndipo tunapoyafunga mazungumzo ya leo. Kama una tembe za jioni, zimeze sasa kabla hujasahau. Kwaheri, na afya njema.

(Muziki wa kipindi.)

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mamaki ni mmea wa asili wa Hawaii. Majani yake hutengeneza chai isiyo na kafeini.
2. Majani yaleyale yaweza kuhesabiwa kuwa chakula au dawa, kufuatana na ahadi iliyoandikwa kwenye pakiti.
3. Mila ni shahidi wa yale wazee waliyoyafanya. Si shahidi wa vidonge vya kiwandani wala wa magonjwa ambayo wazee hawakuyapima.
4. Bidhaa ya miti shamba kuuzwa Marekani hakumaanishi kwamba serikali yao imethibitisha inaponya.
5. Usiache dawa za presha au kisukari kwa sababu ya chai yoyote. Mwonyeshe mhudumu wa afya pakiti.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

1. Katika sehemu yenu, ni miti shamba gani inayouzwa kwa pakiti? Someni maandishi yake kwa pamoja. Inaahidi nini?
2. Je, wazee wenu waliitumia miti hiyo kwa namna ileile inavyouzwa leo?
3. Ni nani katika kijiji chenu anayeweza kumtambua mganga wa kweli na tapeli? Anawezaje kusaidiana na kituo cha afya?
4. Kwa nini wagonjwa wengine humficha daktari kwamba wanatumia miti shamba? Nini kifanyike ili waseme bila woga?